Fundi Bega na Risasi Aliyochelewa Kuichagua

Jumanne tarehe 19 Septemba 2023, saa moja asubuhi, nilikuwa dukani kwangu natunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Simu ikalia. Alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pili, tuliyemwita Fundi.

"Wifi, uko wapi?"

"Niko dukani."

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi endelea kukaa. Fundi ametutoka."

Hakulia, wala mimi sikulia wakati ule. Kisha akasema, "Kamwambie Nyusi wewe. Mimi sitaweza." Nyusi ni kaka yetu mkubwa. Ndivyo habari ilivyonifikia, mimi mdogo wa kike wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye karibu zaidi, na kwa kuwa, kama mtakavyosikia, alinidai futi ya kushonea hakuirudisha. Nilikosea, samahani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimdai.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, katika nyumba ya matofali nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yetu alikuwa mpiga kengele wa stesheni na mama yetu alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali. Mama alituambia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea na alichelewa kusema, na alipoanza kusema alianza na swali. Alibatizwa mwaka huohuo. Tangu alipokuwa mdogo hakuchukua kitu mkononi bila kukigeuza kwanza aone kimeungwa wapi. Saa ya mezani ya baba ilipofunguliwa na kukutwa vipande vipande kwenye sinia, kaka yetu mkubwa alipigwa kwa kosa hilo, maana ndiye aliyekuwa mtundu anayejulikana. Marehemu aliirudishia saa ile, ikaenda vizuri kuliko mwanzo, ndipo akajitaja. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Kaka mkubwa aliendelea kusema hata uzeeni kwamba kipigo kile hakijafidiwa.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa, ng'ambo ya reli, kuanzia mwaka 1960, kisha shule ya ufundi ambako alijifunza kukereza vyuma. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwalimu wake wa karakana aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu ni mpole, ni msafi, na anachelewa kumaliza kwa sababu hapendi kuanza. Maneno hayo tuliyacheka nyumbani kwa miaka mingi. Yalikuwa kweli mpaka mwisho wake.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika karakana ya reli, kwenye mashine ya kukereza. Mwaka 1976 alihamia kwa mzee mmoja aliyekuwa na leseni ya kutengeneza bunduki za uwindaji, katika chumba kirefu chenye dirisha moja la upande wa kaskazini, nyuma ya duka la baiskeli. Wengi wenu mmefika pale. Mnaijua harufu ya mafuta ya chuma na vumbi la mbao, jiliwa kubwa ya kubania vyuma kwenye kona, tupa zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule, na redio iliyoshika kituo kimoja tu cha nyimbo za dini. Mzee yule alipostaafu mwaka 1989 alimwachia marehemu karakana na leseni ikahamishwa kwa jina lake. Alifanya kazi hapo mpaka alipougua.

Kazi yake hasa ilikuwa bunduki za bolti, yaani komeo la chuma linalofunga mtutu kwa nyuma, zilizotengenezwa kwa mtu mmoja mmoja, kama mimi ninavyoshona suti ya mtu mmoja. Mteja akiingia alitaka kuzungumzia mbao, au darubini, au jina lake lichorwe wapi. Marehemu alimkalisha kwenye kiti cha wateja, kile chenye mguu uliofungwa waya, na kumwambia, "Hayo baadaye. Tuanze na risasi." Alieleza kwamba kila kitu kwenye bunduki hufuata risasi. Urefu wa mtambo hufuata risasi, uso wa bolti hufuata risasi, kasha la kuwekea risasi, upana wa mtutu, uzito, hata unene wa mpira wa begani. Ukikosea risasi umekosea bunduki nzima, ila utajua ukiwa porini. Na mahali ambapo risasi inakaa, ile chemba inayochongwa kwenye mwisho wa nyuma wa mtutu, ikishachongwa kubwa hairudi kuwa ndogo. "Chemba haina kifutio," alikuwa anasema.

Kwa hiyo aliuliza maswali matatu, daima kwa mpangilio uleule. Unataka kuwinda nini? Utampiga kwa umbali gani, kichakani au uwandani? Na bega lako likoje? La tatu halikujibiwa kwa mdomo. Alichukua futi ya kushonea, ile aliyoiazima kwangu mwaka 1983, akampima mteja bega, mkono na shingo. Ndiyo maana watu walimwita Fundi Bega, na wateja wengine hawakujua kama alikuwa na jina jingine.

Siku moja nilimpelekea chakula nikamkuta na mwenye duka la vipuri vya magari, mtu mnene, mchangamfu, aliyekuwa ametoka kupata leseni yake ya kwanza.

"Fundi, mimi nataka ile kubwa kabisa. Ile ya tembo."

"Sawa mzee. Unataka kuwinda nini?"

"Swala."

Marehemu akaweka tupa chini. "Swala amekukosea nini?"

Yule bwana alicheka mpaka kiti kikatikisika. Alitoka pale na bunduki ya wastani, akaitumia miaka ishirini, na yuko hapa leo pamoja nasi. Amenikubalia nilisimulie.

Sasa niseme kuhusu ndoa yake, kwa kuwa ndoa na bunduki katika maisha ya kaka yetu havitenganishiki.

Mwaka 1979 aliingia karakanani askari wa wanyamapori, mwanamke mwembamba mwenye sare, amebeba bunduki nzito ya ofisi ambayo bolti yake ilikuwa inakwama. Kazi yake ilikuwa kwenda vijijini pale nyati au kiboko anaposhambulia watu na mashamba. Marehemu aliisafisha bolti, akaipiga tupa kidogo, akairudisha. Kisha akauliza, "Afande, bega hilo linakuuma?"

"Nani kakwambia?"

"Kitako kimeniambia. Ni kirefu kwako. Kila ukipiga kinakupata kwenye mfupa."

"Basi kikate."

"Hii ni mali ya serikali, siwezi kuikata. Lakini siku moja nitakutengenezea yako."

"Maneno ya wanaume hayo."

"Mimi si mwanaume, mimi ni fundi."

Wifi anasema alicheka njia nzima mpaka kituo chao cha kazi, na wiki iliyofuata bolti ile ilikwama tena, safari hii kwa msaada wake mwenyewe. Walifunga ndoa kanisani tarehe 5 Desemba 1981. Maisha yao yote alimwita Afande, naye alimwita Fundi, hata mbele ya watoto, hata wakigombana. Mungu aliwapa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme.

Ahadi ile ya bunduki hakuisahau. Mwaka wa ndoa alichagua gogo la mbao ngumu lenye mishipa mizuri, akalichonga kitako kwa vipimo vya mke wake. Baada ya miaka mitatu kitako kikamalizika mpaka msasa. Kilichobaki ni kuchagua risasi, ili mtutu na mtambo vitafutwe. Hapo ndipo mambo yalipokwama, na ni lazima niseme kwa nini, kwa sababu watu wengi walidhani ni uvivu au ni utani.

Mwaka 1985 kaka yetu mkubwa, dereva wa malori, alipata leseni ya kuwinda nyati mmoja. Akaenda kwa mdogo wake kutaka bunduki.

"Bwana mdogo, nitengenezee tatu-saba-tano." Mafundi huziita risasi kwa namba zake, na hiyo ni risasi nene kama kidole gumba, ya wanyama wakubwa.

"Kaka, kwa nyati ndiyo inayotakiwa, sheria inasema hivyo. Lakini ina teke begani. Njoo kwanza ujizoeze na ndogo, bega likubali."

"Bega gani likubali? Mimi nimebeba magunia tangu utoto. Bega langu ni ukuta!"

Marehemu alikuwa na heshima kwa kaka yake. Hakubishana. Akachonga chemba, akamaliza bunduki, nzuri sana, na kaka akaondoka nayo bila kujizoeza hata mara moja. Msafara ulikwenda na askari wa wanyamapori, kama taratibu zilivyotaka, na askari aliyepangiwa alikuwa wifi. Marehemu alifuatana nao kwa sababu alitaka kuona kazi yake ikifanya kazi.

Kaka alimwona nyati, akafumba macho yote mawili kwa hofu ya teke, akafyatua. Darubini ilirudi ikampasua juu ya jicho. Tangu siku hiyo anaitwa Nyusi, na alama mnaiona pale alipokaa. Lakini nyati alikuwa amejeruhiwa, hakufa, akaingia kichakani. Mnyama aliyejeruhiwa hawezi kuachwa. Wifi aliingia kumfuata, na marehemu akaingia nyuma yake, hana kitu mkononi. Nyati aliwatokea kwa karibu. Wifi alisimama, akampiga na bunduki yake nzito ya ofisi, akampiga tena, na mnyama akaanguka pale ambapo marehemu alisema angeweza kumgusa kwa mkono. Walirudi hai wote. Tulimshukuru Mungu kanisani Jumapili iliyofuata.

Lakini walirudi na mawazo mawili tofauti. Wifi alisema, "Kubwa ndiyo iliyotuokoa." Marehemu alisema, "Kubwa ndiyo iliyotupeleka." Wote walikuwa na haki, na ubishi wao ulianzia hapo.

Kila alipozungumza habari ya bunduki ya mke wake, wifi alisema anataka tatu-saba-tano au hataki kabisa. Marehemu alitaka saba kwa hamsini na saba. Hiyo ni risasi ya zamani, nyembamba na ndefu. Saba ni upana wa tundu la mtutu, hamsini na saba ni urefu wa ganda, kwa milimita. Haina teke kali, inakwenda sawa, na kwa swala inatosha na kubaki. Marehemu aliweka maganda mawili ya risasi, moja la kila aina, juu ya meza ya chakula kati ya sukari na chumvi, yakae hapo mpaka mke wake akubali. Yalikaa. Watoto walikua wakiyaona. Binti yao alipokuwa mdogo alidhani kila nyumba ina maganda mezani, akaenda kwa jirani akauliza yao yako wapi.

Siku za kugombana, wifi alilisogeza lile kubwa mbele ya sahani ya mumewe. Siku nyingine marehemu alilitia maua lile dogo, akalifanya chombo cha maua cha ua moja. Mkwe wao alipokuja kuposa binti, aliulizwa na wote wawili, kwa wakati mmoja, "Wewe ungechagua lipi?" Kijana wa watu akasema anakula mboga tu. Bado walimpa binti yao.

Kitako kilitundikwa ukutani karakanani bila mtutu. Kila baada ya miaka michache marehemu alikishusha, akampima wifi upya, maana mwili wa mtu hubadilika, akakipunguza au kukiongezea mpira. Wifi alistaafu mwaka 2012. Tulidhani sasa ubishi utakwisha, maana mtu aliyestaafu hana kazi na nyati. Haukwisha. Nyusi alimtania mdogo wake kila sikukuu: "Bwana mdogo, umewatengenezea matajiri wote wa mkoa, mkeo umempa kipande cha ubao." Marehemu alicheka tu. Lakini mimi nilimwona usoni, na najua lilimuuma, kwa sababu alikuwa mtu wa neno lake.

Alikuwa mtu wa sala. Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine alisimama mbele ya dirisha lile la kaskazini, kofia mkononi, akawaombea kwa majina wale waliokuwa porini na bunduki alizotengeneza, warudi salama. Alitumikia kama mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa. Kwaya haikumhitaji, na yeye alilijua hilo, aliimba kwa sauti ya chini. Hakukubali kutengeneza bunduki kwa mtu aliyemjua au kumshuku kwamba ataitumia dhidi ya binadamu, na kwa ajili hiyo alipoteza wateja na rafiki mmoja wa tangu shuleni.

Mwezi Februari mwaka huu alianza kukonda na kukataa chakula. Binti yake muuguzi hakusubiri, alimpeleka hospitali kuu, na tarehe 3 Machi madaktari walituambia ni saratani ya kongosho, na kwamba imeshasambaa. Marehemu alimsikiliza daktari mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mikono yangu itakuwa na nguvu mpaka lini?" Daktari hakuelewa swali. Wifi alielewa.

Tuliporudi nyumbani hakulala. Kesho yake alikwenda karakanani, akakishusha kile kitako. Kwa wiki kadhaa hakufanya kitu ila kukiangalia, anakipangusa, anakirudisha. Mwenzake wa kazi, aliyejifunza kwake na ambaye sasa ndiye mwenye leseni, alimwambia, "Fundi, niambie tu namba, mimi nitaagiza mtutu leo." Marehemu alijibu, "Namba sina."

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mchana, nilipompelekea dawa nikamkuta wifi naye amefika na chupa ya chai. Marehemu alikuwa ameyaleta yale maganda mawili kutoka mezani, ameyasimamisha juu ya jiliwa. Akamwonyesha mke wake kiti cha wateja.

"Afande, kaa hapo."

"Kwenye hicho cha waya? Tangu lini mimi ni mteja?"

"Tangu leo. Kaa."

Wifi akakaa, kwa mashaka, ameshika chupa yake.

"Unataka kuwinda nini?"

Wifi alianza kucheka, halafu akaacha. Alimwangalia mume wake. "Fundi, miaka yote hii hujawahi kuniuliza."

"Nilidhani najua."

"Ulidhani nini?"

"Nyati. Ulikuwa unang'ang'ania ile kubwa, nikadhani ni nyati."

"Nyati!" Wifi aliweka chupa chini. "Mimi nyati sitaki kumwona hata kwenye kalenda. Niliwaua kwa sababu nilitumwa, na kila mmoja ninamkumbuka. Mimi nataka swala mmoja kwa mwaka, kwa leseni yangu mwenyewe, kwa ajili ya nyama ya nyumbani. Na wewe uwe ndani ya gari na chai. Basi."

"Sasa ile kubwa ulikuwa unaitakia nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unaninyima! Nilidhani unaniona dhaifu. Mtu niliyesimama mbele ya nyati, mume wangu ananichagulia ya watoto."

Marehemu aliinamisha kichwa. Kisha akasema, taratibu, "Mimi sikukuona dhaifu hata siku moja. Nilikuwa nyuma yako siku ile, Afande. Niliogopa. Kila nikishika ile kubwa, namwona yule mnyama anakuja kwako kwa sababu ya chemba niliyoichonga mimi."

"Nyati yule hakuja kwa sababu ya chemba. Alikuja kwa sababu shemeji alifumba macho."

"Ningemkatalia."

"Ungemkatalia nani, Nyusi? Baba yenu mwenyewe alishindwa."

Hapo tulicheka wote watatu, tukalia pia. Na marehemu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: aliondoka kwenye kiti chake bila kumpima mteja. Alichukua lile ganda jembamba, akalitia mfukoni mwa shati. Lile kubwa alimpa wifi, akasema, "Weka maua." Mtu aliyewauliza mamia ya wageni swali la kwanza alikuwa hajawahi kumwuliza mke wake. Alilisema mwenyewe kwa mchungaji, na ameomba lisemwe leo, kwa faida ya wanaume walio hapa.

Mtutu ulifika mwezi Mei. Mwili wake ulikuwa umeisha, lakini alitaka chemba aichonge yeye. Mwenzake aliendesha mashine, na marehemu, amekaa kwenye kiti kirefu, alishika mpini wa kekee ya kuchongea chemba. Alichonga kidogo, akatoa, akafuta, akaingiza kipimo, akatikisa kichwa, akarudia. Walipumzika kila mkono ulipotetemeka. Kazi ya asubuhi moja ilichukua siku nyingi. Siku bolti ilipojifunga juu ya kipimo cha kwanza, kile kifupi, na kugoma juu ya cha pili, kile kirefu, kama inavyotakiwa, alimwomba mwenzake azime mashine, akavua kofia, wakasali.

Mwisho wa Julai tulikwenda uwanja wa shabaha. Nyusi naye alikuja, akasimama mbali kabisa, mkono juu ya jicho. "Mimi niko sawa hapa," akasema. "Endeleeni tu." Wifi alilala chini, bunduki juu ya gunia la mchanga, akapiga. Marehemu hakuangalia shabaha. Alimwangalia mke wake.

"Bega?"

"Zima."

Akapiga tena. "Bega?"

"Zima, Fundi, hebu niache nipige!"

Matundu yote yalikaa mahali ambapo kiganja kingeyafunika. Nyusi alikuja kuyaona, akayagusa kwa kidole, akasema, "Bwana mdogo, nimekusamehe kile kipigo cha saa." Hiyo ni heshima kubwa kuliko mnavyodhani.

Katikati ya Agosti, kwa leseni halali, mtoto wao wa kiume aliwaendesha wazazi wake mpaka eneo la uwindaji. Marehemu alibaki ndani ya gari, amefunikwa blanketi, ameshika chupa ya chai. Wifi alishuka akaenda kwa miguu na askari kijana wa zamu. Mtoto wao ametusimulia kwamba baba alikaa ameinama, kimya, midomo inasali. Mlio mmoja ulisikika. Baba akanyoosha kidole, mtu asiseme neno. Alikuwa anasubiri mlio wa pili, ule wa kummalizia mnyama aliyejeruhiwa. Alisubiri sana. Haukuja. Ndipo akafungua chupa, akamimina vikombe viwili, na mkono wake haukumwaga hata tone.

Baada ya safari hiyo hakushuka kitandani mara nyingi. Alilazwa hospitali tarehe 8 Septemba. Binti yake aliomba ruhusa kazini akamwuguza kama baba na kama mgonjwa. Mchungaji alimfikishia Meza ya Bwana tarehe 16. Alifariki Jumanne tarehe 19 Septemba, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Ameacha mjane, watoto wawili, mkwe mmoja asiyekula nyama, wajukuu wanne, kaka mmoja, mdogo mmoja wa kike, na mwenzake wa kazi ambaye karakana imebaki mikononi mwake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa, majirani wa mtaa wa duka la baiskeli, na wawindaji wote waliosafiri kuja kumzika. Bunduki zenu mmeziacha nyumbani kama alivyoomba, nasi tunawashukuru kwa hilo.

Tulimuaga Jumatatu jioni, siku moja kabla hajafa. Tulikuwa watano kuzunguka kitanda. Nyusi alimshika mguu kupitia shuka. Watoto walimbusu. Mimi nilimwambia futi yangu nimemwachia. Akatabasamu. Wifi alikuwa amekaa upande wa dirisha. Marehemu alinyanyua mkono, akauweka juu ya bega la kulia la mke wake, akauacha hapo.

"Bega?" akauliza.

"Zima, Fundi."

Akafumba macho. Muuguzi wa zamu akaja kutuambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Tukatoka mmoja mmoja, wifi akiwa wa mwisho.

Mungu aliyempa mikono ile sasa aipumzishe, naye alale katika amani yake.